Kufunga turbo kwenye injini ya stoki (ya kiwandani, haijaguswa) au kuswapu, yaani kubadilisha injini nzima: mimi nimepita njia zote mbili

Gari ninayoiongelea ni Toyota Mark II JZX100 yenye injini ya 1JZ-GE VVT-i, ile ya lita 2.5 isiyo na turbo, na nilianza kijinga, yaani nilinunua turbo kwanza halafu ndo nikaanza kufikiria. Manifodi ya kuchomelea, turbo ya mtumba, intakula, mabomba, vyote nikavifunga kwenye injini ambayo ndani haijaguswa hata ringi. Wiki tatu za kwanza nilikuwa mfalme aisee. Busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, psi 6, ukikanyaga unasikia ule mluzi halafu kiti kinakuvuta mgongo, ikawa natafuta sababu ya kutoka nyumbani hata kama sina safari.

Nikapandisha mpaka psi 10. Injekta sijagusa, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta sina, naendesha kwa masikio tu. Siku hiyo napanda mlima, gia ya tatu, nikasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili hivi, nikaachia mafuta. Gari ikaendelea kutembea vizuri tu, ila nikisimama inatetemeka, na ukifungua kifuniko cha oili inapumua moshi kama bomba la jiko. Fundi akapima kompresheni: sirinda tano kati ya sita ziko 180 na kitu, ile namba tano ikasoma 70. Tulipoitoa ile pistoni, juu ilikuwa nzima kabisa, unaweza kuifuta ukairudisha. Geuza pembeni sasa. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ringi yenyewe imekatika vipande viwili.

Watu wengi wanadhani turbo inaua injini kwa sababu "nguvu imezidi". Mara nyingi sio nguvu, ni joto na kugonga. Hii 1JZ-GE ya VVT-i kompresheni yake (mara ngapi inakandamiza mchanganyiko) ni 10.5 kwa 1, wakati ndugu yake wa turbo, 1JZ-GTE ya VVT-i, ni 9.0, na GTE ya zamani ya turbo mbili ni 8.5. Toyota hawakupunguza kwa bahati mbaya. Hewa ya kawaida inatusukuma kwa psi 14.7, kwa hiyo ukiweka busti ya 7 tayari umeongeza hewa karibu nusu ya ile injini iliyozoea, halafu unaikandamiza tena kwa kompresheni kubwa, kama mafuta hayajaongezeka kwa kiasi hicho hicho na taimingi (muda wa plagi kuwasha) haijarudishwa nyuma, mchanganyiko unajiwakia wenyewe pale usipotakiwa na pistoni ya kiwandani inapigwa nyundo kila mzunguko. Pistoni ya kumimina, kama hiyo ya kiwandani, haipindi, inameguka.

Sasa baada ya hapo nikawa njia panda, kubildi hii hii, yaani kuifungua na kuiwekea vya ndani vyenye nguvu zaidi, au kuweka GTE. Nikaanza kubildi kwenye karatasi. Pistoni za kufua (za kugongwa, sio kumiminwa), konrodi za kufua, bolti mpya za konrodi, beringi, hedi gasketi ya chuma, bloku iende ikachongwe kulingana na pistoni zilizokuja, sio kinyume chake. Na hapo kwenye kuchonga na kupanga ndo kuna mtihani, kwa sababu pistoni ya kufua inatanuka zaidi ya ya kumimina, inahitaji nafasi kubwa zaidi kwenye sirinda, ndo maana injini zilizobildiwa asubuhi ikiwa ya baridi zinagongagonga kidogo mpaka zipate moto. Ringi nazo mdomo wake, yaani ule mwanya kati ya ncha zake mbili, lazima ufunguliwe zaidi. Kwa sirinda ya milimita 86 kama hii, ringi ya juu ukiwa na turbo unaongelea kama milimita 0.4 na ushee, ukiiacha ya kubana kama ya stoki itapata moto, midomo itakutana, haina pa kwenda, inavunja pistoni ile ile mpya uliyojinyima kuinunua. Fundi ambaye hana fila geji (kipimo cha mianya) mkononi wakati anapanga ringi, chukua bloku yako uondoke. Sitanii.

Kuna wale watakwambia weka hedi gasketi nene kompresheni ishuke, imeisha hiyo. Inashuka kweli, lakini unaongeza uwazi kati ya pistoni na hedi pale ambapo ulitakiwa uwe mdogo ili mchanganyiko uchanganyike vizuri na kuwaka haraka, kwa hiyo unaweza kupunguza namba na bado ikagonga. Mimi sikuipenda.

Halafu ukimaliza kubildi bado hujafanya kitu! Bado injekta kubwa, pampu ya mafuta, kompyuta ya kutuniwa kwa sababu ya stoki haina habari kabisa na busti, klachi, rejeta. Bado kutoboa sampu kwa ajili ya oili ya turbo kurudi, na lile bomba lazima lishuke moja kwa moja, lisiwe na tumbo wala kupanda, la sivyo oili inakwama kwenye turbo, inapita kwenye sili na unaanza kufukiza mtaa mzima ukidhani turbo imekufa kumbe ni bomba.

GTE inakuja na hayo yote yamefikiriwa. Kompresheni ya chini, vijimrija vya kunyunyizia oili chini ya pistoni, njia ya oili ya turbo, injekta zake, kompyuta inayoijua busti, na farasi 280 za kiwandani ambazo kwa gari ya kwendea kazini ni nyingi mno. Kwangu ilikaa kwenye mauntini bila kuchomelea chochote. Ndo nikaswapu.

Ila swapu nayo isikudanganye. Kosa langu la pili, nilinunua injini na giaboksi tu, waya nikapata sehemu nyingine na kompyuta sehemu nyingine. Kumbe kompyuta ni ya gari ya otomatiki na giaboksi yangu ni manyo, na waya umekatwa plagi mbili. Injini ilikaa siku moja, waya ulikula wiki mbili, tumekaa chini ya dashibodi na tochi mdomoni tunafuata rangi moja moja. Kama unaweza nunua hafukati, gari nusu nzima, uone na waya wake, sensa zake, intakula, propela shafti, mpaka zile klipu ndogo ambazo hakuna mtu anaziuza peke yake.

Kabla hujalipa pima kompresheni, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekatwa, throto imefunguliwa yote. Usikimbilie ukubwa wa namba, angalia zinavyofanana. Chungulia chini ya kifuniko cha oili, kukiwa na ugoro mweusi mwachie mwenyewe. Shika shafti ya turbo, ikicheza kidogo pembeni sawa, ikienda mbele na nyuma hapana. Na kwa hizi GTE za turbo mbili, gurudumu la upande wa eksozi ni la kauri, halipendi busti ya juu, likipasuka linapasuka kweli. Injini ikiwa bado iko chini badilisha taimingi belti, wota pampu na sili zote za kranki, maana ikishaingia kwenye gari kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Mwenye Subaru stori ni hiyo hiyo ya kutafuta injini ya EJ20 ya turbo badala ya kuitesa ile isiyo na turbo, ila ukibadilisha na giaboksi hakikisha rashio ya mbele inaendana na difu ya nyuma. Zikitofautiana gari itatembea, na itakuwa inajitafuna yenyewe taratibu.

Kubildi mimi nakuelewa kwa hali mbili tu: injini yako haina ndugu wa turbo anayeingia kwenye bodi yako, au unataka nguvu ambazo hata huyo ndugu akiwa stoki hawezi kuzibeba, na hapo ujue hata GTE utaifungua.

Na kama ulishafunga turbo kwenye stoki kama mimi na sasa hivi unasoma huku moyo unadunda, shusha busti mpaka psi 5 au 6 leo leo, funga kipimo cha mchanganyiko, ukikanyaga mpaka mwisho kisome kwenye 11.5 mpaka 12 (hewa kwa mafuta moja), kikipanda kuelekea 13 na busti ipo achia mguu. Injekta na kompyuta vifuate kabla ya rimu.