Kabla ya Kuunganisha Sola Yako na Gridi ya Taifa

Tangu kanuni za kupima umeme unaoingia na unaotoka nyumbani kwa mteja zilipotolewa mwaka 2024, karibu kila mwenye nyumba anayeniita kumfungia sola, awe Nyali, Tudor au Likoni hapa Mombasa, huanza kwa kuniuliza Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, itamlipa kiasi gani kwa umeme atakaobakisha. Jibu ni kwamba hatalipwa pesa mkononi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kupeleka umeme wake wa ziada kwenye gridi, na kwa mujibu wa kanuni hizo, kila yuniti 100 anazopeleka humpatia akiba ya yuniti 50 za kupunguzia bili. Akiba isiyotumika hufutwa mwaka wa fedha wa kampuni unapofungwa.

Kwa sababu hiyo nawashauri wateja wangu wapime ukubwa wa mtambo kwa matumizi yao ya mchana, wala si kwa nafasi iliyopo juu ya paa. Yuniti unayoitumia mwenyewe saa saba mchana inakuokolea bei yake yote, ilhali ile unayoipeleka nje inakurudishia nusu tu. Nyumba ya wageni yenye viyoyozi na pampu inayofanya kazi kutwa inaweza kubeba mtambo mkubwa bila hasara. Familia ambayo watu wazima huondoka asubuhi na kurudi magharibi inafaa ianze na mtambo mdogo, kisha ihamishie mchana kazi kama kupandisha maji kwenye tangi na kufua kwa mashine. Nimewahi kumshauri mteja apunguze paneli alizokusudia kununua, ingawa mimi mwenyewe ningepata malipo makubwa zaidi kama angezinunua zote, kwa sababu hesabu ya bili yake ilionyesha wazi kwamba nyingi kati ya hizo zingezalisha umeme wa kutoa nje kwa nusu ya thamani.

Jambo ambalo silegezi hata kidogo ni usalama. Transfoma inayoshusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 240 za nyumbani hufanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo umeme unaosukumwa kutoka nyumbani wakati gridi imezimwa unaweza kupanda hadi kwenye waya wa juu ambao fundi aliye kwenye nguzo anaamini hauna kitu. Ndiyo maana inveta ya gridi, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa mtaani, inatakiwa itambue kwamba umeme wa mtaani umekatika na ijitoe ndani ya sekunde 2. Jenereta ya petroli haina uwezo huo. Lazima iwe na swichi ya kubadilishia, inayotenganisha kabisa upande wa gridi na upande wa jenereta. Katika nyumba moja huko Kisauni nilikuta jenereta imechomekwa kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi ncha zote mbili. Niliukata waya ule mbele ya mwenye nyumba, na sikuendelea na kazi yoyote hadi swichi ilipofungwa.

Kutokana na sharti hilo la inveta kujitoa, mtambo wa gridi usio na betri huzimika umeme unapopotea, hata kama jua linawaka kali. Anayetaka taa na friji viendelee anahitaji inveta ya mseto, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia, betri zenyewe, na njia ya nyaya iliyotengwa kwa vyombo hivyo. Swali hili liulizwe kabla ya kununua, kwani kubadilisha inveta baadaye ni gharama kubwa.

Kuhusu karatasi, hakikisha fundi wako ana leseni ya daraja la T3 kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, kwa maana ndiyo inayohusu mitambo inayounganishwa na gridi. Tayarisha mchoro wa mfumo mzima pamoja na cheti cha inveta mapema. Tena, usiwashe mtambo kabla mita haijabadilishwa: baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba unaingia, na utajikuta unanunua yuniti ulizozalisha mwenyewe.

Walio mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, waombe volti ipimwe adhuhuri. Mtambo unaposukuma umeme kwenye waya mrefu, volti hupanda, na ikivuka kiwango inveta hujizima saa zile zile ambazo jua ni kali zaidi. Huku pwani chumvi nayo hula viungo vya waya wa ardhini (earth) upesi, kwa hiyo vikaguliwe kila mwaka.

Siku ya kukabidhiwa kazi, mwambie fundi azime swichi kuu ukiwa umesimama pale. Inveta inapaswa kujitoa papo hapo. Umeme ukirudishwa, inapaswa kungoja kwa muda na kuhakikisha gridi imetulia kabla ya kujiunga tena. Ikiendelea kutoa umeme kuelekea gridi swichi ikiwa imezimwa, usitie saini, na usimlipe fundi salio lake mpaka irekebishwe na jaribio lirudiwe.