Kabla hujachagua udaktari wa meno, kakae kando ya kiti

Msimu wa mahafali ukikaribia, wadogo zangu huanza kunitafuta na swali lilelile: "Dokta, nisome meno au nisome tiba?" Wengine wana shahada ya baiolojia au kemia na wanataka kurudi darasani, wengine ni wauguzi wanaotafuta pa kusogea. Karibu wote wameshaulizia mshahara kabla ya kunifikia, na sioni ubaya, maisha yanataka pesa. Ila ni nadra kusikia swali ambalo mimi ningeanza nalo: siku ya kawaida kabisa, isiyo na jambo la kwenda kusimulia nyumbani, daktari wa meno anashinda akifanya nini kwa mikono yake?

Daktari wa meno ni mpasuaji tangu siku anayopata leseni. Mwenzangu wa tiba anaweza kumaliza asubuhi nzima akisikiliza, akipima na kuandika dawa. Mimi nikishamaliza kusikiliza ndipo kazi inapoanza: nachoma ganzi, nachonga, naziba, nang'oa, nashona. Mgonjwa yuko macho muda wote, na hawezi kunijibu kwa sababu kinywa kimejaa vifaa. Ulimi unasukuma, mate yanajaa, na meno ya nyuma ya taya la juu siyaoni moja kwa moja. Nayatazama kupitia kioo kidogo kinachogeuza kila kitu, kiasi kwamba mwanzoni ukitaka kusogeza kifaa mbele unajikuta umekirudisha nyuma. Hilo lisikutishe. Wanafunzi huanzia kwenye meno ya plastiki yaliyofungwa katika vichwa bandia, na mkono huzoea.

Kigumu zaidi kufundisha ni ule uvumilivu wa vitu vidogo. Jino nililoziba likizidi kimo kwa unywele tu, mgonjwa atalihisi kila anapotafuna na atarudi akilalamika. Kwa hiyo namwambia ang'ate, nasaga kidogo, ang'ate tena, nasaga tena. Kuna watu ambao kurudiarudia huko kunawatuliza, na kuna wenye akili nyingi sana ambao kutawachosha kabla ya mwaka kwisha. Hawa wa pili si wavivu, wameumbwa kwa kazi nyingine, na hospitali inawahitaji kwenye chumba kingine.

Halafu kuna hofu. Watu wazima wenye vyeo vyao huketi kwenye kile kiti wakitoka jasho. Sehemu kubwa ya ujuzi wangu ni maneno: kumweleza mtu nitakachofanya kabla sijakifanya, kumwambia sindano itauma wakati itauma kweli. Nikimwahidi mgonjwa kwamba akiinua mkono wa kushoto nitaacha, lazima niache, hata kama zimebaki sekunde chache tu. Ukimdanganya mtoto mara moja, umempa kila daktari atakayemfuata kazi ya miaka. Kama huna subira na mtu anayeogopa jambo ambalo wewe unaliona dogo, fikiria upya.

Wapo wanaoiita fani hii udaktari nusu. Wala sibishani nao sana, nawakumbusha tu kwamba miongoni mwa waliohangaika kumwondolea binadamu maumivu ya kisu walikuwamo madaktari wa meno. Mwaka 1844 Horace Wells alivuta gesi ya naitrasi oksaidi, akang'olewa jino lake mwenyewe ili aone kama atahisi. Mwaka 1846 William Morton alionyesha hadharani huko Boston kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa akafanyiwa upasuaji. Na anayekimbilia meno akidhani atakwepa kusoma atashangaa. Anatomia, fiziolojia na elimu ya dawa zinamsubiri humo humo. Anayekuja kung'oa jino anaweza kuwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye fizi mbovu anaweza kuwa na kisukari, na magonjwa hayo mawili huchocheana: sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye uvimbe hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Kuhusu soko la ajira, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Ukisikia hivyo utadhani ajira zimejaa kila kona. Hapana. Anayehitaji matibabu mara nyingi si anayeweza kuyalipia, na kliniki hufunguliwa aliko mwenye kulipa. Kutuma maombi ya kazi ni jambo moja, na kuwafikia watu hao bilioni ni jambo jingine. Ndiyo maana namheshimu sana anayechagua afya ya jamii, ingawa ndugu zake watamuuliza kila mwaka lini atakuwa "daktari kweli".

Mwili nao una bei yake. Shingo, mabega na kiuno ndivyo vinavyowatoa wenzetu kazini mapema. Jifunze kukaa vizuri tangu shuleni, na ukipata uwezo nunua miwani ya kukuzia, kwa sababu inakulazimisha kunyoosha mgongo. Upande wa nafuu: zamu za usiku ni chache, isipokuwa kwa wanaobobea kwenye upasuaji wa kinywa na taya, ambao huamshwa kwa ajili ya ajali kama wapasuaji wengine.

Tena kiti cha daktari si mlango pekee. Mtaalamu wa kusafisha meno na kutunza fizi ana fani yake kamili, ambayo daktari wa meno Alfred Fones aliifungulia shule huko Connecticut, Marekani, mwaka 1913. Fundi wa maabara ya meno huchonga na kupaka rangi meno bandia, na kama mikono yako ni ya msanii lakini maneno ya wagonjwa yanakuchosha, huko ungefurahi kuliko mimi. Nje ya kinywa kuna mionzi, maabara, famasia, tiba ya viungo. Sitajifanya nazijua kwa undani. Muulize anayezifanya, na usimuulize mkuu wa idara, muulize aliyeajiriwa juzi.

Njia za kuingia hutofautiana. Katika nchi nyingi mtu hutoka sekondari na kusoma udaktari wa meno moja kwa moja kwa miaka 5 au 6. Marekani kwa kawaida unamaliza kwanza shahada nyingine, kisha unasoma 4. Leseni ya nchi moja mara nyingi haikubaliki nyingine bila mitihani mipya, kwa hiyo kabla ya kulipa ada nje, soma masharti ya baraza linalotoa leseni katika nchi unayotaka kufanyia kazi. Yasome mwenyewe, usitegemee wakala wa chuo.

Na kabla ya yote hayo, omba ruhusa ukakae kliniki. Nenda mchana, saa ambazo kila mtu amechoka, maana asubuhi kila kazi hupendeza. Simama pale mgonjwa anaporidhia uwepo, usiguse kitu chenye ncha, na kama utaendelea na fani yoyote ya tiba, kamilisha chanjo ya homa ya ini B mapema. Mtazame msaidizi pia. Angalia jinsi vifaa vinavyosafishwa na kuondolewa vijidudu, kwa sababu siku ukiwa na kliniki yako, lawama ya hayo ni yako.

Hiyo kliniki yako usiifungue mwaka wa kwanza. Kiti, kompresa, mashine ya kunyonya mate, eksirei: deni hilo likikaa kichwani utaanza kuona matundu kwenye meno mazima. Ajiriwa kwanza. Kwenye usaili, wakishamaliza maswali yao, uliza lako: jino likinikatikia na mzizi ukabaki ndani, nimwite nani? Wakikutajia mtu aliye chumba cha pili, hapo pazuri. Wakikujibu kwamba utakuwa peke yako, mimi ningeendelea kutafuta, hata kama mshahara wao ndio mkubwa kuliko yote uliyotajiwa.