Shangazi ananiambia niache dawa za kifafa nisubiri pepo

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina kifafa, nameza dawa asubuhi, mchana na usiku. Ramadhani iliyopita niliruka za mchana ili nifunge, nikawa naanguka ovyo. Shangazi anasema niziache kabisa, nisubiri kama yule mwanamke wa zama za Mtume. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Hadithi anayoikusudia shangazi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Mwanamke alimwambia Mtume (s.a.w.): mimi huanguka kifafa na nguo hunifunuka, niombee. Akamhiyarisha: asubiri apate pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asiwe anafunuka, akaombewa.

Sasa mwambie shangazi aitazame vizuri. Hiyari ilikuwa baina ya subira na dua. Dawa haikutajwa wala kukatazwa. Na yule alibashiriwa pepo kwa ulimi wa Mtume mwenyewe. Wewe na mimi nani katubashiria? Tulichoachiwa sote ni kauli yake: "Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, jitibuni."

Kuhusu saumu, Al-Baqara 184 imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kuruka dozi na kukosa usingizi ni katika mambo yanayoamsha sana kifafa, na mfungaji anayekesha hadi daku huweza kuvikusanya vyote viwili. Ukikatisha dawa ghafla, kifafa huweza kukushika mfululizo bila kuzinduka, na hapo watu hufa. Kwa hiyo muone daktari mapema, kabla ya mwezi kuandama, umuulize kama kuna namna ya kumeza futari na daku tu. Zipo dawa za kifafa zinazokubali mpango huo, zipo zisizokubali; usijipangie mwenyewe. Akikataa, kula, na usione haya mbele ya watu. Ikiwa hakuna tumaini la kuweza kufunga baadaye, utamlisha maskini mmoja kwa kila siku, na deni limekwisha.

Ukianguka na kupoteza fahamu, udhu umekatika; kuoga ni sunna tu. Mkojo ukikutoka, osha mwili na ubadilishe nguo. Kipindi cha sala kikikupita chote ukiwa umezimia, wanazuoni wamehitilafiana. Kukilipa ndiyo salama zaidi. Ila ukizinduka umechoka, kichwa kizito, pumzika kwanza akili irudi.

Wallahu aalam.