Maswali Yenu ya Besiboli: Huyu Ametoka Wapi?

Barua zimejaa, na nyingi zinauliza kitu kimoja: wale wachezaji wanaotushtua kutoka Aprili hadi ile breki ya All-Star, yaani mapumziko ya mechi ya mastaa, katikati ya Julai. Nimetoa tatu.

SWALI: Kaka, habari ya kazi. Mimi ni soja wa usiku na mechi za Marekani ndio zinanisaidia kukesha, naziangalia kwa simu. 2025 nilimfuata Cal Raleigh wa Seattle Mariners tangu mwanzo, kufika breki ako na homurani 38! Msee wa geti ya jirani akaniambia hiyo ni nguvu ya soda tu. Mtu hujuaje kama mchezaji ni moto kweli? – Soja, Kileleshwa

JIBU: Pole na baridi ndugu yangu, na heko, ju Seattle wakianza mechi jioni kwao hapa ni karibu saa kumi na moja alfajiri, hayo ni mapenzi ya ukweli. Sasa sikia. Homurani ni ile mpigaji anagonga mpira unaruka uzio wa uwanja, na 38 kabla ya breki ni namba ilikuwa imepitwa mara moja pekee kwa historia yote ya ligi, Barry Bonds alikuwa na 39 mwaka wa 2001, na Bonds hakuwa kecha. Hapo ndio watu husahau. Kecha ni yule anachuchumaa nyuma ya mpigaji kila mpira ukirushwa, magoti yanaumia, mipira iliyochepuka inamgonga mabega na vidole, na bado ni yeye anapanga na mrushaji warushe nini, halafu zamu yake ikifika achukue gongo apige kama hajachoka. Rekodi ya makecha kwa msimu mzima ilikuwa 48, ya Salvador Perez wa Kansas City mwaka wa 2021, yaani Raleigh alibakisha 10 tu kuifikia na Julai ilikuwa haijaisha!

Lakini beshte yako angeangalia nyuma kidogo hangesema soda. 2022 Raleigh alipiga 27, 2023 akapiga 30, 2024 akapiga 34. Huyo ni mtu anapanda ngazi pole pole kila mwaka, 2025 ndio akaruka vidato kadhaa kwa mpigo. Nusu ya pili alipunguza kasi, akaongeza 22, akamaliza na 60, akapita Perez na akapita pia 54 za Mickey Mantle za 1961 ambazo zilikuwa rekodi ya wapigaji wanaotumia pande zote mbili, kulia na kushoto. Na lile shindano la homurani la wakati wa breki, alishinda huko mjini Atlanta, baba yake ndio alikuwa anamrushia na ndugu yake mdogo wa miaka 15 anadaka, nikikumbuka hiyo mpaka leo nasikia raha.

Nguvu ya soda yenyewe nitakuonyesha. Chris Shelton wa Detroit, 2006, alipiga homurani 9 kwa mechi 13 za kwanza na watu wakaanza kuhesabu rekodi. Manze, msimu una mechi 162, kwa hivyo 13 ni kama mechi 3 za ligi ya Uingereza, ungempea straika kiatu cha dhahabu baada ya mechi 3? Hawa warushaji huangalia video, wakishajua penye gongo lako halifiki wanakurushia hapo hapo hadi ujifunze ama urudi ligi ndogo. Shelton alimaliza mwaka na 16, mwisho wa Julai akateremshwa, na timu yake ikaenda World Series, yaani fainali ya ligi, bila yeye. Iliniuma sana. Kwa hivyo mimi huuliza mambo mawili: alikuwa nani miaka mitatu iliyopita, na warushaji wakishambadilishia mipira bado anapiga?

SWALI: Mimi ni mwalimu, nafundisha wasichana raundaz na saa hii nataka kuwaonyesha besiboli. Nimesoma mrushaji Ubaldo Jiménez alifika breki ya 2010 ameshinda 15 na kupoteza 1, halafu akamaliza 19 kwa 8. Mkono uliisha ama? – Mwalimu, Umoja

JIBU: Asante Mwalimu, hili swali nimelipenda kabisa. Jiménez alikuwa anachezea Colorado Rockies, uwanja uko Denver, karibu mita 1,600 juu ya bahari, na sisi hapa Nairobi tuko juu hata kuwapita. Huko juu hewa ni nyepesi, mpira ukigongwa unaenda mbali na ukirushwa haupindi vizuri, warushaji wengi huogopa huko kabisa. Yeye alifika breki anafungwa wastani wa pointi 2.20 pekee kwa iningi 9, yaani mechi nzima! Huo ndio mshtuko, si hizo 15.

Sasa nusu ya pili ni ushindi 4 na kupoteza 7, inaonekana kama ameanguka, lakini wastani wake wa mwaka mzima ulikuwa 2.88 na hiyo bado ni ya mtu mkali sana. Mrushaji anaweza kufungwa pointi 2 na apoteze ju wenzake hawakupiga kitu, kesho afungwe 5 na ashinde. Waonyeshe wasichana wako hiyo, rekodi ya kushinda na kupoteza ni ya timu nzima ingawa inaandikwa jina moja.

Na ukitaka stori ya kuwaamsha, waambie Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, Mexico, 1981 alianza msimu na Dodgers wa Los Angeles akashinda mechi 8 mfululizo, 7 kati yao akarusha mwenyewe hadi mwisho, na 5 bila kufungwa hata pointi moja. Baadaye alipoteza kadhaa, akamaliza 13 kwa 7, lakini mwaka huo alibeba Rukii Bora, tuzo ya mchezaji mpya, na Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, pamoja, na hakuna mwingine amewahi kuzibeba zote mbili kwa msimu mmoja.

SWALI: Kuna Mwafrika amewahi kushtua huko? Niko Fomu 3, naruhusiwa kukaa macho wikendi tu. – Mwanafunzi, Kibera

JIBU: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 26 Aprili 2017, na Pittsburgh. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa bara letu na kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa akagonga mpira wa mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs akafika beisi ya kwanza! Kabla ya hapo, 2012, watoto wa Lugazi hapo Uganda walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto. Wewe ngoja Jumapili, mechi za mchana za New York huanza kama saa mbili usiku hapa, utaona ya kutosha kabla ya kulala.