Sayansi Wanaipenda, Funguo za Maabara Ziko Wapi?

Mwalimu, shikamoo. Nimesikia redioni kwamba watoto wa Uganda wanapenda sayansi kuliko wa Norwe na Japani. Ina maana Afrika tumewapita? – Mzazi, Masasi

Marahaba. Ulichosikia ni kweli, ila hitimisho lako silo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Svein Sjøberg wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, waliwapa vijana wa miaka 15, katika nchi zipatazo 40, dodoso moja. Mradi uliitwa ROSE. Swali mojawapo lilikuwa kama wangependa kuwa wanasayansi. Uganda na Ghana waliitikia kwa wingi. Norwe na Japani wengi walikataa, hasa wasichana. Kadiri nchi ilivyoendelea, ndivyo hamu ilivyoshuka.

Ukikaa na vijana wetu hushangai. Aliyefika kidato cha nne anawajua wenzake walioishia la saba, na kwake sayansi ni udaktari, ni uinjinia, ni kumjengea mama nyumba. Kijana wa Oslo umeme anao na hospitali anayo. Yeye anajiuliza atakuwa mtu wa namna gani. Tena dodoso hupokea maneno tu, na mtoto aliyelelewa kumheshimu mwalimu haandiki "sipendi" kirahisi.

Lakini hamu si alama. Japani yenye hamu ndogo hushika nafasi za juu katika PISA, mitihani ya kimataifa ya vijana wa miaka 15. Ghana yenye hamu kubwa, katika TIMSS ya 2011, mtihani mwingine wa kimataifa wa hisabati na sayansi, ilipata alama za chini kuliko nchi zote zilizopimwa sayansi darasa la nane. Kwa hiyo tusipige vigelegele.

Kwetu hamu hii inafia kidato cha kwanza. Mtoto wa shule ya msingi ya kijijini amesoma usanisinuru kwa Kiswahili, na kuueleza anaweza. Januari anaukuta ubaoni kwa Kiingereza, ananakili, anakariri, ananyamaza. Kisha kuna maabara. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tukachanga, hata wasio na mtoto shuleni. Baadhi nimeziingia nikakuta stoo ya madawati mabovu. Mzazi, kwenye kikao usiulize wastani peke yake. Uliza mwanao ameshika hadubini mara ngapi.

Nimlazimishe binti yangu achukue PCB (fizikia, kemia na baiolojia)? – Baba, Nachingwea

Hapana. Swali hili naletewa kila matokeo yanapotoka, na jibu ni hilo hilo. Muulize yeye.

Shule gani Mtwara ni nzuri kwa sayansi? – Ujumbe usio na jina

Sitaji shule, nimeshasema. Nenda Jumatano asubuhi, uone kama mlango wa maabara uko wazi.

Shule yetu haina vifaa. Nifundisheje fangasi? – Mwalimu mpya, Newala

Mwanangu, uko Newala na unauliza fangasi! Ubwiriubwiri ni fangasi, na umeuma mikorosho ya kila mzazi wa darasa lako. Wapeleke shambani msimu wa kupuliza. Waulize kwa nini salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiriubwiri, inapulizwa alfajiri: umande unaushikisha unga wake kwenye majani na maua, na upepo umetulia. Waulize kwa nini mafuta ya ganda la korosho yanababua vidole vya mama zao wanaobangua. Hapo una baiolojia na kemia bila kununua kitu. Ila wasishike salfa bila barakoa, nakusihi sana, na mafuta yale wasiyaguse.

Gesi ipo tangu 1982 na vijana wetu hawana kazi. Sayansi ya nini? – Kijana, Msimbati

Uchungu wako naujua. Gesi ya Mnazi Bay, huko kwenu Mtwara, iligunduliwa mwaka huo, na tangu 2015 bomba linasafirisha gesi hadi Dar es Salaam. Mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba inahitaji mchomeleaji mwenye cheti na fundi wa vipimo, na nafasi hizo ni chache. Wanaotuahidi ajira kwa maelfu wanatudanganya. Hata hivyo, asiye na fizikia hata hizo chache hazimgusi.

Mwanangu wa la tano anauliza mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, hapa Lindi, ilichimbwa na nani. – Mama, Lindi

Mpe hongera yangu. Vitabu hutaja Wajerumani, na kweli waliongoza uchimbaji kuanzia 1909 hadi 1913. Waliochimba ni watu wa huko huko Lindi, kwa mamia, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, aliyejua kuutoa mfupa uliogeuka jiwe kwenye udongo bila kuuvunja. Wapagazi waliibeba mizigo hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa kwa miguu. Leo mmoja wa wanyama hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Mwanao alishike jina la Boheti, na mwalimu wake aliandike ubaoni.