Nesi wa leba anauliza: hasira zangu zinanimalizia ibada?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi nesi wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya huku mkoa wa Tanga. Usiku tunakuwa wawili tu, kuna siku wajawazito wanazidi kumi na vitanda havitoshi, ndugu wanagonga mlango, daktari yuko chumba cha upasuaji. Nimekuwa mtu wa kufoka. Wiki iliyopita nimemfokea binti mimba yake ya kwanza, nilimwambia maneno mabaya mpaka naona haya kuyaandika, kajifungua salama ila mpaka anatoka hakuniangalia usoni. Nyumbani nafika nimechoka, nasali ili mradi, darsa za kina mama nimeacha, kisimamo cha usiku ndo kabisaa. Wenzangu naona maisha yao yana maana mimi nipo nipo tu. Nifanyeje nitulie? Halafu sala zinanipita kazini na nguo inakuwa na damu, hivi hata kumtaja Allah katika hali ile inafaa?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah dada yangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, na nianze kwa kukuambia hata mimi nakujibu nikiwa na deni langu, juzi tu nimemkaripia kijana wa chuoni kisa karudia kosa lile lile la madda (kuvuta sauti katika kusoma Quran), kuja kutulia nakumbuka kwamba yule mtoto alikuja bila kunywa chai. Kwa hiyo tunaongea wagonjwa wawili hapa.

Watu wengi wanadhani aliyetulia ni yule ambaye ndani hamna moto. Sasa angalia Quran ilivyosema, Suratu Aal Imran aya ya 134, Allah anawasifu wachamungu anawaita "wal-kadhimina l-ghaydh", wenye kuzuia ghadhabu zao. Hilo neno kadhama Waarabu walilitumia kwa kiriba cha maji, kikishajaa wanakifunga mdomo. Kiriba kimejaa! Maji yamo humo humo, ila hayamwagiki. Yaani Allah hajasema wale wasiokasirika, kasema wale ambao hasira wanayo na wameifunga mdomo. Kwa hiyo ukisikia moyo unakwenda mbio saa nane usiku, mama mmoja anasukuma mtoto na mwingine damu zinamtoka, usijihukumu kwamba imani yako imekufa, moyo kwenda mbio si dhambi. Kazi yako ni mdomo wa kiriba.

Na yule mtu aliyemwomba Mtume (s.a.w) amuusie, akaambiwa usikasirike, akarudia ombi lake tena na tena jibu ni lile lile (Imam Bukhari kaipokea kwenye kitabu chake cha hadithi, kutoka kwa Abu Hurayra), wanavyuoni waliosherehesha wanasema maana yake usiifuate hasira inapokutuma, na ujiepushe na vinavyoiwasha. Hapo kwenye vinavyoiwasha ndo wewe nataka ukae ufikirie kidogo. Umekula saa ngapi siku ile? Umelala? Mtume (s.a.w) kakataza kusali chakula kikiwa kimeletwa au mtu akiwa amebanwa na haja, hadithi ya Bi Aisha katika kitabu cha Imam Muslim, na kamkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Sasa kama sala na hukumu zinaharibiwa na njaa na hasira, wewe unashinda usiku kucha na kikombe kimoja cha chai halafu unashangaa umefoka? Beba chakula dada. Nasema kweli, nusu ya sabra yako imo kwenye hotpoti.

Moto ukipanda pale pale, tumefundishwa mambo mepesi. Sema audhu billahi mina shaytani rajim, hii Mtume (s.a.w) aliisema alipowaona watu wawili wanatukanana na mmoja uso umemuiva. Na kwa Abu Dawud kuna hadithi ya Abu Dharr, ukikasirika umesimama basi kaa, ikigoma lala. Sa wewe leba hulali wala hukai, najua, lakini ona kusudio lake, mtu aliyekaa yuko mbali zaidi na kupiga kuliko aliyesimama, kwa hiyo nawe tafuta cha kukuweka mbali na lile neno, geuka ukanawe mikono, vaa glavu mpya taratibu, ndo urudi kwa mgonjwa. Mara ya kwanza utashindwa na ya pili pia. Mtume (s.a.w) kasema anayejisukuma kusubiri Allah atamsubirisha, maana yake inaanza kwa kulazimisha, haiji yenyewe.

Hapa sitakupamba. Yule binti ana haki yake kwako. Ile hadithi ya mufilisi kwa Muslim unaijua, mtu anakuja siku ya kiyama na sala na funga na zaka lakini huyu kamtukana, yule kampiga, wanagawiwa mema yake mpaka yanaisha. Kumbe kuacha darsa sio kinachonitisha mimi juu yako, kinachonitisha ni hilo neno ulilomwambia mtu ambaye kwenye uchungu hana pa kukimbilia. Kliniki ya mtoto bado atakuja, ukimuona mvute pembeni umwambie mwanangu nisamehe nilikukosea. Usianze kumueleza habari za upungufu wa watumishi, omba msamaha tu basi. Usipompata, usichukue namba yake kwenye faili la hospitali (ile ni amana), muombee dua na mtaje kwa kheri.

Lakini pia sabra haina maana ya kunyamazia kila mzigo. Mtume (s.a.w) amewaambia waliokuwa na watu chini yao wasiwabebeshe wasichokiweza, na wakiwabebesha basi wawasaidie. Kwa hiyo kumuandikia metroni, mkuu wa manesi, kwamba wawili usiku hatutoshi, ukaandika na idadi ya wazazi mliopokea, hiyo sio kulalamika kinyume na qadari (aliyoyapanga Allah), ni amana ya wagonjwa. Andikeni, tena mkiwa mmelala vizuri, sio asubuhi ile ile ya kutoka zamu.

Ya kwamba maisha yako hayana maana, hapo nimecheka kidogo unisamehe. Suratu Al-Maida aya ya 32, mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama kawahuisha watu wote. Mwanamke anaingia roho mkononi anatoka wawili, na aliyekuwa pale ni wewe! Wenzako wanaoamka usiku Allah awakubalie, lakini na wewe usiku uko macho, kilichobaki ni nia, ukivuka geti la hospitali sema moyoni ya Rabb nimeingia kwa ajili yako. Mafakihi wamesema hata aliye ndani ya sala akimuona mtu anazama na anaweza kumuokoa, ni wajibu aikate akamuokoe.

Sala sasa. Sisi huku pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na kwetu Isha ina nafasi mpaka kuingia alfajiri hata kama kuchelewesha sio bora, kwa hiyo ukiisali saa tisa usiku haijakupita. Alfajiri mwisho ni jua kuchomoza, hapo peaneni zamu, dakika tano kila mmoja. Magharibi ndo fupi, na ikitokea umeshika mtoto kichwa kimeshatoka na wakati unaisha, wapo wanavyuoni, hasa wa madhehebu ya Kihanbali, walioruhusu kukusanya Magharibi na Isha (kuzisali pamoja kwa wakati mmoja) kwa haja nzito, wakitegemea hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w) alikusanya akiwa Madina bila ya hofu wala mvua. Chukua hiyo siku ya dharura, usiifanye ratiba ya kila zamu.

Na dhikri haihitaji udhu wala nguo safi, Bi Aisha kasema Mtume (s.a.w) alikuwa akimtaja Allah katika nyakati zake zote, kwa hiyo subhanallah yako na gauni la damu iko sawa. Kwa sala lakini ile damu ni najisi, chache inasamehewa, ya leba sio chache. Weka dera safi na kanga kwenye begi, pembeni ya hiyo hotpoti.