Maswali na Majibu: Benki Inapoikataa Kampuni Yako ya Uwekezaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wenye kampuni za uwekezaji zinazovuka mipaka: wanaosimamia mitaji ya watu wengine, wanaouza na kununua fedha za kigeni, na wanaowatafutia wateja hisa za nje. Benki huziweka kampuni hizi katika kundi la hatari kubwa, na wenye kampuni hulipokea jina hilo kama tusi. Kwa benki, jina hilo hupima tu wingi wa kazi ambayo sheria inaitaka ifanye kabla ya kupokea fedha za mteja wa namna hiyo.

Swali: Kampuni yetu imesajiliwa Mauritius, wanahisa ni Watanzania wawili na Mkenya mmoja, na tunawanunulia wateja hisa za Ulaya na Marekani. Benki tatu za hapa Dar es Salaam zimetukataa bila kutoa sababu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushtakiwa. Tumekosea wapi?

Jibu: Huenda hamjakosea popote. Afisa anayesoma maombi yenu hapimi uaminifu wenu peke yake. Anapima kama ataweza kuwaeleza ninyi kwa watu wasiowajua, yaani mkaguzi wa ndani, Benki Kuu, na hasa benki mshirika ya nje. Dola zinazotoka Dar es Salaam kwenda kwa dalali wa hisa aliyeko London hupitia akaunti ambayo benki yenu imefungua katika benki kubwa, mara nyingi ya New York, na benki hiyo kubwa ikitilia shaka muamala mmoja inaweza kuhoji, kuuzuia, au hata kuifunga akaunti ambayo wateja wote wa benki yenu wanaitegemea. Ada mtakazolipa kwa mwaka mzima hazifidii hasara ya aina hiyo.

Wanabenki wa Dar es Salaam hawajakisahau kisa cha FBME. Makao makuu ya benki hiyo yalikuwa Tanzania, lakini sehemu kubwa kabisa ya shughuli zake ilifanyika katika matawi ya Cyprus, ambako ilihudumia kampuni nyingi za kigeni. Julai 2014 FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, iliitangaza kuwa tishio kubwa la utakatishaji fedha. FBME ilizikana tuhuma na kwenda mahakamani huko Marekani, lakini haikufua dafu, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Anayekumbuka hayo hushtuka anapoona kampuni iliyosajiliwa nchi moja, inayoendeshwa kutoka nchi nyingine, na kuwekeza katika nchi ya tatu.

Ukimya wao nao una maelezo. Sheria za kudhibiti utakatishaji fedha zinamkataza mfanyakazi wa benki kumdokeza mteja kwamba taarifa zake zimepelekwa katika kitengo cha serikali kinachochunguza fedha haramu, kwa hiyo benki nyingi huona ni salama kutotoa sababu kabisa, hata pale ambapo sababu ni kwamba hazihudumii biashara ya aina yenu. Msiusome ukimya huo kama tuhuma. Kabla ya kuwasilisha maombi mengine, ulizeni kwa barua kama benki inapokea kampuni za uwekezaji zilizosajiliwa nje; jibu la swali hilo halina siri.

Kuna jambo ambalo hamkulitaja. Kampuni yenye leseni ya biashara ya kimataifa ya Mauritius hutakiwa kuwa na akaunti yake kuu huko huko, pamoja na wakurugenzi wasiopungua wawili wanaoishi huko. Kama leseni yenu ni hiyo na mnaomba akaunti ya kwanza Dar es Salaam, swali la kwanza la benki litakuwa kwa nini ile ya Mauritius haipo. Anzeni huko.

Swali: Benki ya Ulaya imenieleza kwamba tatizo ni Kenya kuwekwa katika orodha ya kijivu. Je, nihamishie usajili Tanzania, ambayo imekwisha kutoka?

Jibu: Sikushauri. Ni kweli kwamba FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia viwango vya kupambana na fedha haramu, iliiweka Kenya katika orodha hiyo, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2024, na kwamba Tanzania, iliyoingizwa Oktoba 2022, iliondolewa Juni 2025. Umoja wa Ulaya nao uliiongeza Kenya katika orodha yake mwaka 2025, na benki za huko zinalazimika kufanya uchunguzi wa ziada. Hata hivyo benki huangalia wenye kampuni wanaishi wapi, fedha zinatoka wapi na wateja wako wapi. Usajili ukihamia Dar es Salaam huku ninyi, wateja na fedha mkibaki Nairobi, mtakuwa mmeongeza swali moja tu: mlihama kwa nini?

Swali: Shikamoo. Wakala anayetuandalia fomu anasema tuandike kwamba shughuli yetu ni "ushauri wa biashara", kwa kuwa neno "uwekezaji" huwatisha wenye benki. Tufuate?

Jibu: Marahaba. Msifuate hata kidogo. Akaunti inayofunguliwa kwa maelezo ya uongo hufunguka kwa urahisi na kufungwa kwa wakati mbaya kuliko wote, yaani fedha za wateja zikiwa ndani. Mitambo ya benki hulinganisha miamala na maelezo mliyoyatoa: kampuni ya ushauri hupokea malipo ya ankara kutoka kwa wateja wachache, wakati yenu itapokea kiasi kidogo kidogo kutoka kwa mamia ya watu na kutuma fungu kubwa kwa dalali wa nje. Tofauti hiyo haihitaji mpelelezi. Ikishabainika, jambo lililokuwa biashara halali yenye hatari kubwa linageuka kuwa udanganyifu, na hakuna leseni itakayowatetea.

Swali: Tutayarishe nyaraka gani?

Jibu: Cheti cha usajili, katiba ya kampuni, azimio la bodi la kufungua akaunti, pasipoti na uthibitisho wa makazi ni za kawaida, na wakili yeyote atawaandalia na kuthibitisha nakala. Maombi hukwama kwingine.

Kwanza ni umiliki. Benki inamtaka mmiliki manufaa, yaani binadamu aliye mwisho wa mnyororo, hata kama hisa zimeshikwa na kampuni mbili au tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Nchini Kenya sheria inaanzia asilimia 10 ya hisa au kura. Tanzania taarifa hizo huwasilishwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Choreni mchoro wa umiliki wa ukurasa mmoja wenye majina na asilimia, na kama mmoja wenu, mzazi wake au mwenzi wake ana wadhifa mkubwa serikalini, semeni mapema. Wadhifa haukatazi akaunti, lakini ukigunduliwa baadaye huvunja imani yote.

La pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni asili ya mali. Watu wengi huchanganya mambo mawili: fedha hizi zimetoka akaunti gani, na mwenyewe aliupataje utajiri wake. Taarifa ya benki inajibu la kwanza tu. Kama mtaji ulitokana na kuuza kiwanja Kibaha, benki inataka mkataba wa mauzo, risiti ya kodi, na muamala ulioingiza fedha hizo. Sentensi kama "akiba ya miaka mingi ya biashara" haina thamani yoyote kwa msomaji aliyeko New York.

Ongezeni leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi mnakofanyia kazi, maana usajili wa kampuni si leseni ya kushika fedha za watu. Wekeni pia makisio ya miamala ya mwezi, ukubwa wake na nchi zake. Makisio ya kujigamba huwarudi wenyewe. Afadhali madogo yenye maelezo.

Swali: Niko Dubai, na kampuni ya malipo ya kielektroniki imenikubali kwa siku chache wakati benki bado zinanizungusha. Je, inatosha?

Jibu: Inatosha kwa malipo ya ofisi, haitoshi kwa mtaji. Juni 2020, Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilipoanguka baada ya kubainika kwamba yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni hazikuwepo, mamlaka ya Uingereza ilisimamisha kwa siku chache shughuli za kampuni tanzu ya huko, na watumiaji wa kadi zilizoitegemea hawakuweza kugusa fedha zao ingawa wao hawakuhusika na lolote. Endelea na maombi ya benki.

Swali: Mtu anataka dola 5,000 kabla, akituhakikishia akaunti ndani ya wiki mbili.

Jibu: Anayeamua ni kitengo cha udhibiti cha benki, na dalali hana kura humo. Mlipeni mtu kwa kuandaa nyaraka. Kwa kuhakikisha, hapana.

Swali: Tukishapata akaunti, fedha za wateja na za kampuni zinaweza kukaa pamoja kwa kuanzia?

Jibu: Hapana, hata kwa wiki moja. MF Global, kampuni ya udalali ya Marekani, ilipofilisika Oktoba 2011, fedha za wateja zilikuwa zimetumika kuziba mapengo ya kampuni yenyewe na takriban dola bilioni 1.6 hazikuonekana; wateja walilipwa hatimaye, lakini baada ya miaka. Ombeni akaunti mbili siku ya kwanza, ya wateja ikiwa na neno hilo katika jina lake, na benki iwaandikie barua inayokiri kwamba haitakata humo deni lolote la kampuni. Kisha mlinganishe salio la akaunti hiyo na daftari la wateja kila siku ya kazi, na karatasi za ulinganisho huo mzihifadhi, kwa sababu afisa wa benki atakapowatembelea atazitaka hizo kabla ya hesabu za faida.